Yai Aliloliinua Kui

Jericho, Nairobi
6 Septemba 2025

Lorine anaolewa, dada, na mama mkwe wake ni Kui.

Soma tena kama unafikiri macho yamekudanganya. Kui yule yule, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, aliyevunja yai langu mbele ya umati akaliinua juu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

Sasa mulembe. Nimeruka salamu kwa sababu hiyo habari ingenipasua kifua kabla ya mstari wa tatu. Sisi tu wazima. Kweyu mume wangu bado yuko kiwandani Industrial Area, mgongo unamsumbua, ulimi haumsumbui kwa sababu hautumii. Na Lorine wangu, acha nijivunie kidogo hata kama ulishasikia: mwaka wa mwisho Eldoret, sayansi ya chakula. Mtoto wa mama anayechemsha mayai boilo kibandani! Akija likizo na lile koti jeupe la maabara, wauza mboga wa soko la Jericho wanamwita daktari, na mimi siwasahihishi.

Mwambie shemeji Wekulo aache kutucheka kwa kuandikiana barua. Siku masikio yako yatakaporudi nitapiga simu. Kuandika kwenye simu nako ulikataa, ukasema herufi zake ni chawa. Tena barua zetu zinasafiri bila nauli, yangu kwenye trei tupu, yako chini ya mayai unayonitumia.

Ile siku ya shukrani mwezi wa Mei nilikueleza kwa ufupi, aibu ilikuwa bado mbichi. Nilikuwa nimechemsha mayai yako, trei kwa trei, masufuria mawili makubwa nyuma ya ukumbi. Kui alitaka yafike mezani yakiwa ya moto, akaniambia nisiyatoe jikoni hadi amalize kusema. Kisha akashika kipaza sauti. Dada, mwanamke alisema. Alishukuru kamati, akashukuru kamati ya kushukuru kamati, watoto wakalala kwenye viti. Tulipoandaa, yeye ndiye aliyemenya la kwanza, akalikata katikati. Kiini kilikuwa kimezungukwa na rangi ya kijani kibichi inayoelekea nyeusi. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi.

"Mama Lorine," akasema, "hili yai lilikufa lini?"

Mchungaji mwenyewe alijificha kwenye leso. Tangu hapo jiko la kanisa si langu tena, na watoto wa ploti wananiita Mama Kijani. Kibandani mteja analivunja yai kwanza, analigeuza, analichungulia kama mtu anayekagua kiatu cha mtumba Gikomba, ndipo aombe kachumbari.

Mmoja tu hakuchungulia. Kijana mrefu, fundi wa friji, amekula kwangu kila asubuhi tangu mwaka jana. "Mathe, mbili, chumvi tu." Wenzake walipokimbia, yeye alibaki. Nilimpenda, nikawa namchagulia makubwa. Jumapili iliyopita Lorine akaniletea mchumba, na ni huyo! Nikafurahi nikamwaga chai. Nikamuuliza, baba, wewe ni wa nani? Akaangalia viatu vyake akataja jina la mama yake. Munene, mwana wa Kui.

Sikupiga kelele. Nilimwongezea sukari. Lakini walipotoka nilikaa kitandani nikajiambia: kumbe Mungu hasahau. Kui atakuja nyumbani kwangu kuomba. Ataketi kwenye kiti changu akiwa na kilemba chake, aombe mtoto wangu, na siku hiyo yai litakuwa mkononi mwangu mimi.

Niambie nifanyeje. Kichwa chako kilikuwa kikali kuliko changu tangu shule, ni karo tu iliyokukosa. Na uchague mayai mazuri.

Ndugu yako akupendaye,
Mama Lorine


Kimilili
19 Septemba 2025

Mdogo wangu Mama Lorine,

Mayai uliyopokea juu ya barua hii si yangu. Kaa chini nikueleze.

Uliponiandikia Mei kwamba mayai yalikuwa na kijani ndani, sikulala vizuri. Nilijua hukuniambia yote, ulikuwa unanihurumia. Nikafikiri, hawa kuku wangu wamekula nini? Nikawanyima sukuma wiki. Nikawazuia kwenda mtoni. Wekulo akasema labda ni ugonjwa wa ndani, tena unaweza kuua mtu Nairobi, halafu polisi waje hadi huku. Nikaogopa. Mwezi wa Juni nikawachinja wote. Ndiyo, hata yule mwekundu mwenye kishungi. Sikuuza hata mmoja, nilifikiri nitauza sumu, na nyama nikaifukia.

Wale walikuwa ukoo wa kuku wa mama yetu. Unakumbuka alivyowaleta kwenye kikapu alipoolewa, akatugawia vifaranga na sisi. Kwako Jericho hapakuwa na pa kufugia, wakabaki kwangu. Sasa hawapo. Tangu Juni nakutumia mayai ya jirani na nilikuwa nimeapa kwamba nitakufa na siri hiyo, lakini umeniandikia kwamba yule mwanamke anakuja kuketi kwenye kiti.

Unaniuliza ufanyeje. Mimi si mtu wa kanisa lenu la vipaza sauti. Dawa ya moto ni moto. Mchemshie yai la kijani, mwekee kwenye sahani yake peke yake, na wengine wote wale ya manjano safi. Umwache alivunje. Halafu umuulize lilikufa lini. Mimi sitasikia atakachojibu, lakini nataka kuwepo niuone mdomo wake.

Kama hujui namna ya kulifanya liwe kijani, muulize daktari wako wa koti jeupe. Si ndiyo kazi aliyoenda kusomea?

Dada yako,
Nabiswa


Eldoret
30 Septemba 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mama alinisomea barua yako kwa simu. Alipofika kwa kuku wa bibi sauti ilianza kukatika, nikafikiri ni mtandao. Alikuwa analia. Unajua Mama halii mbele yangu.

Nakuandikia wewe kwa sababu yeye kwa sasa hasikii mtu, ila wewe anakusikiliza. Tafadhali hii ibaki kati yetu.

Kuku wako hawakuwa na kosa. Inaniuma kuliandika, lakini nisipoliandika utaendelea kuwashuku. Wala si sukuma wala si mto. Ni moto.

Acha nieleze jinsi tunavyofundishwa. Kiini kibichi ni maji na mafuta, na ndani yake kuna protini zilizojikunja, kila moja imejiviringa kivyake kama kibonge cha uzi wa kufuma. Ndiyo maana kinamiminika. Joto likipanda, vile vibonge vinaanza kufunguka. Kufikia nyuzi sitini na tano hivi ncha zake zinaanza kushikana, kiini kinakuwa kizito kama asali. Ukiongeza kidogo, zinashikana zaidi, zinakuwa wavu, na ule wavu unabana maji na mafuta ndani. Hapo kiini kimeiva, kina manjano mazuri na kinakatika kwa kisu bila kumwagika. Ukizidi kuchemsha, wavu unajikaza mno, kinakauka na kuvunjika kama unga. Na kikishaiva hakirudi. Hata ukikitia kwenye friji mwaka mzima, hakitakuwa maji tena.

Ile rangi inatoka hapo kwenye kuzidi. Ute mweupe una salfa ndani yake. Ukichemka muda mrefu unatoa hewa, ile yenye harufu ya yai, na hiyo hewa inaingia ndani kukutana na kiini. Kiini kina madini ya chuma. Vikikutana pale mpakani vinafanya rangi ya kijani. Si uozo, si ugonjwa, mtu akila hapati chochote. Ukiyatoa mapema na kuyatia kwenye maji baridi, huioni.

Sasa fikiria ile siku ya Mei. Mama amechemsha mayai maisha yake yote na kijani hakionekani. Siku hiyo yalikaa jikoni kwa sababu aliambiwa asiyatoe hadi hotuba iishe. Munene mwenyewe ndiye aliyenikumbusha. Alikuwa nyuma ya ukumbi akitengeneza friji ya kanisa, akasikia maji yakinguruma hotuba nzima.

Mama Mkubwa, nampenda Munene. Ni mtu mtulivu, na nyumba yetu inahitaji mtulivu wa pili. Mwambie Mama auache huu moto.

Mwanao,
Lorine


Jericho, Nairobi
18 Oktoba 2025

Lorine binti yangu,

Mama yako Mkubwa amenitumia barua yako, aliiweka chini kabisa ya trei, chini ya mayai ya jirani. Usimkasirikie. Ulimwomba atunze siri wakati amechinja kuku wake bure, ungemwomba jambo jepesi zaidi.

Kwanza nikupongeze. Nimewasomea barua yako wauza mboga wote, hata yule Nzomo wa viazi asiyependa kusifu mtoto wa mtu. Nilipofika kwenye vibonge vya uzi nikasimama nikawaeleza mwenyewe, kwa mikono. Nikasema, kiini ni kama akina mama wa kanisa: kukiwa baridi kila mmoja amejikunja na mambo yake. Ukiwapasha kiasi wanafunguka, wanashikana mikono, hakuna wa kuwatenganisha. Ukizidisha moto wanakaukiana na kuvunjika. Nzomo akasema hilo hata mchungaji hajawahi kulifundisha.

Kisha nikajaribu, kwa sababu mimi si mtu wa kuamini karatasi, hata iwe ya mtoto wangu. Nikatia mayai sufuriani. Mengine nikayatoa mapema nikayatia kwenye karai la maji baridi. Mengine nikayaacha yakanguruma huku nikimhudumia mteja na kusengenya kidogo. Nikayakata yote mbele ya watu. Ya karai yalikuwa manjano kama ua la alizeti. Yale mengine, mwanangu, yalikuwa yale yale ya Kui. Kijani kile kile, pete nzima. Nilikaa kwenye kreti ya soda nikacheka mpaka fundi viatu akaja kuuliza kuna msiba gani.

Miezi yote hii nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi. Nilibadilisha sufuria. Nilibadilisha maji, nikanunua ya mtungi. Nilifunga na kuomba! Kumbe aliyeyapika mayai yale ni yeye, kwa ulimi wake.

Kwa hivyo sikiliza. Siku watakayokuja, Kui atapewa yai la pekee. Nitalichemsha tangu asubuhi. Akilivunja, wewe utasimama na koti lako jeupe na kueleza kila kitu ulichomweleza Mama Mkubwa, polepole, mbele ya wazee wao, hadi pale kwenye hotuba. Mimi sitaongeza neno, nitashika kipaza sauti tu.

Uliandika kwamba kiini kikishaiva hakirudi kuwa maji. Uliandika vizuri sana. Na mimi sirudi.

Mama yako,
Mama Lorine


Eldoret
27 Oktoba 2025

Mama,

Sitavaa koti. Na sitasimama.

Nakueleza bila kuzunguka ili usije ukasema hukujua. Ukimwaibisha Mama Munene mbele ya wazee wake, wao watainuka na posa itaishia hapo. Munene hatakasirika, hajui kukasirika, lakini hataweza kumwacha mama yake atoke peke yake mlangoni. Atamfuata. Na mimi sitakuwa na mtu wa kumfuata, kwa hivyo nitapanda basi nirudi huku, na Krismasi mtakula wenyewe.

Kuna jambo Munene alinikataza kukuambia. Ile siku ya Mei, watu walipoacha mayai kwenye sahani, yeye aliyala. Alikaa nyuma ya ukumbi karibu na ile friji akala moja, akala jingine, hadi akaumwa tumbo kwa kushiba. Alijua mama yake amekosea na hakuwa na ujasiri wa kumwambia mbele ya watu. Akafikiri akiyala, angalau yatakuwa yameliwa. Ndiyo maana hakuacha kuja kibandani wenzake walipokimbia. Mimi nilimjua hapo kibandani baadaye.

Nataka uniahidi kwamba neno baya halitatoka kinywani mwako siku hiyo. Niandikie kwa mkono wako.

Lorine


Jericho, Nairobi
15 Novemba 2025

Dada Nabiswa,

Nimeshaahidi. Niliandika kwa mkono wangu, nikaweka sahihi, Kweyu akashuhudia: neno baya halitatoka kinywani mwangu. Usitupe hii barua kwa hasira, nimebakisha mambo.

Jambo la yule kijana kula mayai nyuma ya ukumbi halinitoki kichwani. Siku mbili nilikuwa namwangalia akimenya, chumvi tu, na mimi nashindwa kumdai shilingi. Siku ya tatu nikamwambia, baba, kuanzia leo hapa unakula kama mtoto. Akasema, "Mathe, usijiharibie biashara." Ana adabu hadi inachosha. Huyo namchukua. Akitaka kurudi kwao, atakuta mlango nimeufunga.

Lakini mama yake hajala lolote. Mama yake bado anapita sokoni na kile kilemba, na wiki iliyopita alisimama kibandani kwangu kwa mara ya kwanza, eti tumekuwa watu wa familia. Akatazama sufuria akatabasamu. Akaniuliza kama siku hizi napata mayai yasiyooza. Nikamjibu kwamba namshukuru Mungu. Unaona nilivyotimiza ahadi? Ulimi nilikuwa nimeuuma hadi nikasikia chumvi.

Sasa sogea karibu na dirisha usome vizuri.

Kumbuka kwamba kanisani kwetu kuna desturi ya jikoni. Wanaokuja kuomba binti hawaketi wakangoja kulishwa. Mama wa kijana anavua viatu, anaingia jikoni kwa mama wa binti, anapika kitu kimoja kwa mkono wake, na hicho ndicho kinachotangulia mezani kabla ya wali na nyama, ili binti aone huko aendako atapikiwa. Na desturi hii si ya babu zetu wala ya babu zao. Kui ndiye aliyeianzisha alipopata uenyekiti. Hajawahi kumsamehe mama yeyote aliyeikwepa. Hawezi kuikwepa yeye.

Na mama wa binti ndiye anayechagua kitakachopikwa.

Nimechagua mayai.

Nitampa sufuria yangu kubwa na jiko lenye makaa ya kutosha. Mayai nitayanunua mwenyewe, mazuri, asipate pa kusingizia. Sitatia mkono. Moto wangu, mkono wake. Nitamwambia maneno yale yale aliyoniambia Mei, kwa upole, kwamba yafike mezani yakiwa ya moto, asiyatoe hadi tumalize kuomba. Ataona ni heshima, anapenda cha moto.

Kisha Kweyu atanikaribisha niombe kabla ya chakula. Mama wa binti ndiye anayeomba, hilo nalo ni lake Kui, aliliandika kwenye taratibu. Na wewe unajua ninavyoomba nikiguswa. Nitawaombea wazee wao mmoja mmoja. Nitawaombea walio safarini, walio hospitalini, madereva, wanafunzi wa Eldoret kwa majina. Nitamwombea Kui, kwa mapenzi, uenyekiti wake na kila kamati aliyowahi kuikalia. Nitamwombea marehemu mama yetu na kuku wake. Nani atamkatiza mtu aliyefumba macho? Sufuria itakuwa inanguruma nyuma yangu, na mimi nitakuwa naisikiliza kama wimbo.

Usimwambie Lorine. Nilimwahidi kuhusu neno baya, na sala si neno baya.

Mayai yakija mezani, mimi ndiye nitakayemenya la kwanza. Nitalikata katikati. Nitaliinua juu, kama alivyoliinua, hadi wote walione, hasa akina mama wa kamati, maana nimewaalika wote waliocheka. Nataka wanyamaze. Nataka Kui aone ile rangi yake mwenyewe, iliyotoka mkononi mwake, na angoje. Angoje nimuulize lilikufa lini. Amwangalie mwanawe, aangalie wazee, angoje tena.

Na mimi sitauliza kitu. Nitatia chumvi, nitakula. Lote, polepole, kiini na pete yake, hadi nilambe kidole. Nitasema ni tamu. Kisha nitamenya la pili nimpe Lorine, na la tatu nimpe Munene, yule anajua kuyala. Baada ya hapo kila mtu mezani atalazimika kula, na Kui naye, akijua kwamba nilikuwa naye mkononi nikamwacha. Hilo litamkaa rohoni hadi azikwe. Atakapopita sokoni atanisalimia yeye kwanza.

Kuna na lako. Kwenye mazungumzo ya awali ya mahari, yaliyotangulia siku yenyewe ya posa, Kweyu alitaka kuongeza mbuzi mmoja. Nikamwambia amtoe, badala yake waweke mitetea, wenye kishungi, mwekundu awemo, na jogoo wao. Wazee wao walicheka wakasema hili ni jambo dogo. Nikaweka sharti moja, kwamba mama wa kijana atawaleta mwenyewe siku hiyo, kwenye kikapu, akukabidhi wewe mkono kwa mkono, kwa sababu wewe ndiye mkubwa wetu. Kui alikubali akijisifu kwamba ni desturi nzuri, labda ataiingiza kanisani. Hajui anarudisha nini. Wewe pokea tu, umwambie asante. Hutasikia atakachosema na si hasara.

Jenga kibanda chao kabla hujatoka. Mje na shemeji Wekulo, na wale wajukuu wenye sauti wa kuitikia amina kwa nguvu, kila nikivuta pumzi. Mnywe uji kabisa kabla ya kufika kwangu, maana chakula kitachelewa. Ni Jumamosi, tarehe 13 Desemba, saa nne asubuhi, na nawataka wote.

Ndugu yako,
Mama Lorine